Wakili Atafutwe Siku ya Kwanza

Liko jambo katika mji wetu wa Bukavu ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mtu wa Kadutu au Bagira akitiwa kasho, jamaa zake huchanga pesa upesi, na hilo ni jema. Lakini pesa zile hupelekwa kwa nani? Mara nyingi kwa bwana mmoja asimamaye karibu na mlango wa parke, mwenye kalamu mfukoni, asemaye: "Mimi najuana na wakubwa." Huyo si wakili. Ni dalali wa mateso ya watu. Pesa zikiisha haonekani tena, na ndugu yetu amekwisha kutia sahihi maneno asiyoyaelewa.

Sisi twasema: wakili atafutwe kabla ya sahihi hiyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 19, inampa kila mtu haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua mwenyewe, tangu uchunguzi wa polisi. Kifungu cha 18 kinataka aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na polisi wasimshike zaidi ya saa 48. Ni kweli, M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 kazi ya mahakama ilivurugika. Lakini kifungu cha 61 kinakataza haki ya kujitetea isiondolewe hata wakati wa hatari. Basi tuidai, yeyote awaye aliyeshika ufunguo wa kasho.

Wapo wasemao, "Sina kosa, nitajieleza mwenyewe." Na wamtazame Julius Nyerere. Mwaka 1958 alishtakiwa Dar es Salaam kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU juu ya mabwana Diseta. Alikuwa amesoma Edinburgh, na kusema alijua kuliko wengi. Hata hivyo hakusimama peke yake: alitetewa na D. N. Pritt wa London. Alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Kwa hiyo wakili si dawa ya mganga, na anayekuahidi ushindi kabla ya kusoma karatasi zako, mwache aende zake.

Je, umwulize nini? Kwanza, kama jina lake limo katika orodha ya Baro. Wako pia watetezi wa mahakama ambao si mawakili. Wengi wao ni hodari, lakini hawafiki Mahakama ya Rufaa. Ukihukumiwa, siku za kukata rufaa ni 10 tu, nazo si nyingi kwa mtu anayeanza kutafuta wakili mwingine akiwa gerezani. Kisha uliza bei yote, na udai risiti, hata kama wakili ni shemeji yako (kwa shemeji hasa!).

Na asiye na kitu? Sheria ya mawakili ya 1979 iliagiza Baro ziwe na ofisi ya kuwasaidia maskini bure. Jamaa waulizie huko kwanza, kabla ya kuuza mbuzi.