Dzaleka: Shahada ya fedha au ya mifumo ya kompyuta?

Mfanyabiashara aliyekuwa na kwacha 1,180,000 mwanzoni mwa Novemba 2023 alikuwa, kwa bei rasmi, na dola 1,000 mkononi. Benki Kuu ya Malawi ikashusha thamani ya fedha hiyo, dola ikapanda hadi kwacha 1,700, na akiba ile ile ikawa dola 694. Hakuibiwa wala hakukosea hesabu. Aliyekopa mzigo Dar es Salaam kwa dola na kuuza Lilongwe kwa kwacha aliumia zaidi, maana deni halikupungua hata senti.

Hasara ya namna hiyo ndiyo kazi ya uhandisi wa fedha: kupima hatari ya bei, riba na thamani ya fedha, kisha kutafuta njia ya kuipunguza. Si ajabu basi kwamba somo hili linawavutia watoto wa wafanyabiashara wa Kikongo na Kirundi katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka Lilongwe. Mshindani wake ni shahada ya mifumo ya taarifa za kompyuta. Wazazi wengi huuliza ipi inalipa zaidi. Kwa Dzaleka, swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: ipi inaweza kufanyiwa kazi pale ambapo sheria inamtaka mwenye nayo aishi?

Malawi iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka pingamizi katika vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kwenda utakako. Kwa miaka mingi wakimbizi waliishi na kufanya biashara Lilongwe bila kuguswa sana. Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya. Maduka yalifungwa, watoto wakatolewa shule, na watu wakarudishwa katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwenye lililokuwa gereza. Eneo lililokusudiwa watu wapatao 12,000 sasa lina zaidi ya 50,000.

Mhandisi wa fedha huajiriwa na benki, kampuni ya bima, mfuko wa pensheni au soko la hisa. Soko la Hisa la Malawi liko Blantyre, na kampuni zilizoorodheshwa hazifiki 20. Benki Kuu iko Lilongwe, lakini ajira ya huko inahitaji kibali, na kibali kwa mkimbizi ni mlango mwembamba. Kijana anaweza kufaulu hesabu zote za shahada hiyo kisha akakosa meza ya kukalia.

Mwenye mifumo ya taarifa ana nafasi pana kidogo. Hujifunza hifadhidata, mitandao, usalama wa taarifa na jinsi ya kuunganisha stoo, mauzo na malipo ya simu. Kazi hiyo inaweza kufanyika kambini, hata kwa mteja aliye Nairobi au Ulaya. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha TakenoLab hapo hapo Dzaleka ili kuwafundisha vijana kuandika programu. Hata hivyo, kazi ya mtandaoni si njia ya mkato kama inavyonadiwa. Umeme ukikatika kazi inasimama, na malipo yanahitaji akaunti, nayo akaunti inahitaji kitambulisho ambacho benki itakikubali.

Lililo na busara ni kuanza na mifumo, fedha ifuate. WorldQuant University, chuo cha Marekani kinachofundisha kwa mtandao, hutoa shahada ya uzamili ya uhandisi wa fedha bila ada, ila mwombaji awe na shahada ya kwanza na afaulu jaribio la hesabu. Hapo ndipo penye mtego. Shahada nyingi za mifumo ya taarifa zina hesabu chache. Anayekusudia kuendelea na fedha achague mapema takwimu, kalkulasi na aljebra ya mistari, la sivyo jaribio litamrudisha mwanzo.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Anayepitisha mzigo Kasumulu kuelekea Lilongwe huandika deni la shilingi, dola na kwacha katika daftari moja, na hugundua hasara siku ya kulipa. Programu ndogo inayoonyesha kila jioni deni lake kwa kila fedha, pamoja na siku alizobakiza kabla ya kulipa, ingemsaidia kuamua auze haraka au asubiri. Haihitaji benki wala soko la hisa, bali kijana mmoja anayejua hifadhidata na hesabu za hatari, na mteja aliye tayari kumlipa kama anavyomlipa wakala wa forodha. Kijana huyo akiwa Dzaleka, mteja ndiye atakayelazimika kumfuata.