Kicheko cha Redio Moja



Mwezi huu tunaomba tuweke kando kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya kicheko. Msidhani tumeishiwa maneno. Kicheko nacho ni habari ya afya, na mtaona huko mbele kwa nini tunasema hivyo.

Miezi michache iliyopita tulikuwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, katika mkutano wa akina mama wa kanisa. Tulikuwa na mgeni, muuguzi mstaafu kutoka Uingereza, ambaye alipata kufanya kazi Tanzania zamani na Kiswahili bado hakijamtoka. Jioni, tukingoja chakula, alitusimulia kipindi cha redio anachokipenda tangu ujana wake. Kinaitwa Just a Minute, na kilianza BBC mwaka 1967. Watu wanne huketi pamoja, mmoja akapewa jambo lolote alizungumzie kwa dakika moja bila kusita, bila kurudia neno na bila kutoka nje ya mada. Akikosea, mwenzake humkatiza na kuchukua zamu. Mwendesha kipindi, Nicholas Parsons, alikaa kwenye kiti hicho kwa zaidi ya miaka 50. Alipofariki Januari 2020, akiwa na miaka 96, mgeni wetu alilia kama aliyefiwa na mjomba wake.

Basi tukasema na sisi tujaribu. Mama mmoja mtu mzima akapewa "ndizi." Akaanza, "Ndizi hupikwa, ndizi huchomwa..." Wote wakapiga kelele, "Umerudia!" Wa pili akapewa "mume wangu." Akafungua kinywa, akakifunga, akatazama juu. "Amesita!" Wa tatu akapewa "mama mkwe," naye akageuka kwanza kuangalia nyuma kama mama mkwe wake yumo humo ndani. Tulicheka mpaka wapishi wakaja na miiko mikononi kuuliza kuna nini.

Kicheko kile kilitukumbusha redio ya nyumbani kwetu.

Kitambaa juu ya redio

Katika kijiji chetu cha Karagwe, enzi hizo Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe, maana wilaya iligawanywa mwaka 2012, redio yetu ilikuwa moja tu. Ilinunuliwa kwa fedha za kahawa. Mama aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, na iliwekwa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Betri zikichoka tulizianika juani, kando ya kahawa, na jioni zilikuwa zimepata nguvu ya kusikiliza kipindi kimoja au viwili. Huku mpakani sauti za Kigali na Kampala mara nyingi zilikuja wazi. Sauti ya Dar es Salaam, iliyo mbali zaidi ya kilomita 1,000, ilikuja na kupotea kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde wakati wa upepo. Baba aliigeuza redio huku na huku mpaka apate sauti, na ole wake mtoto aliyepita mbele yake wakati huo!

Kwa Kiswahili tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na humo ndimo tulimowasikia Pwagu na Pwaguzi. Wasomaji wa rika letu na walio wakubwa kwetu mtakuwa mmetabasamu tayari. Majina hayo yametoka katika methali: pwagu hupata pwaguzi, yaani mjanja hukutana na mjanja kuliko yeye. Majirani walikuja na vigoda vyao. Wanaume walikaa karibu na redio, akina mama karibu na mlango ili wakiangalie chungu kilichoko jikoni, nasi watoto chini kwenye mkeka. Hatukuelewa kila neno, kwa sababu nyumbani tulizungumza Kinyambo, lakini tulicheka kwa vile wakubwa walicheka. Bibi yetu, ambaye Kiswahili hakukijua kabisa, alicheka kuliko wote, kisha akauliza, "Wamesema nini?"

Na kicheko hicho hakikuishia jioni ile. Wiki nzima kilitembea nasi. Mtu akijaribu kumpunja mwenzake sokoni, naye akapunjwa, walimwambia, "Pwagu, leo umempata pwaguzi," na ugomvi ukaishia hapo. Kijiji kizima kilikuwa na mzaha mmoja, na mzaha huo ulitusaidia kuambiana yale ambayo kwa uso mkavu yangeleta kesi.

Mkwaju akapita barabarani kwetu

Julai 1993 Radio Tanzania ilianzisha mchezo mwingine wa kuigiza, Twende na Wakati. Huu haukuwa wa kuchekesha tu. Ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, ila mafundisho hayo yaliwekwa ndani ya hadithi ya watu wanaopendana, wanaogombana na wanaodanganyana. Alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wanawake wengine njiani. Alikuwamo mkewe Tunu, aliyevumilia sana, na mwishowe akamwacha na kuanza biashara yake ndogo ya kujitegemea.

Ili mwelewe jinsi mchezo huo ulivyotugusa, kumbukeni hali ya mkoa wetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Mwanzoni watu huku waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda. Kufika miaka ya 1990 tulikuwa tumezika vijana wengi, na makaburini ilisemwa tu kwamba marehemu aliugua muda mrefu, au watu walinong'ona kwamba amerogwa. Jina lenyewe halikutajwa. Kisha mwaka 1994 wakaja wakimbizi kutoka Rwanda, makambi yakafunguliwa Karagwe, na malori ya chakula yakapita usiku na mchana. Mkwaju hakuwa mtu wa hadithi tena. Tulimwona akiteremka kwenye lori kununua ndizi za kuchoma.

Jioni moja majirani walijaa sebuleni kama kawaida. Miongoni mwao alikuwa baba mmoja, utingo wa lori, mtu mcheshi aliyependwa na watoto kwa sababu alitugawia peremende. Alimcheka Mkwaju kwa sauti kubwa kuliko wote. "Huyu ni mjinga kweli!" alisema. Mkewe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, mwanamke mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akimjibu mumewe mbele za watu, akauliza taratibu, "Na wewe, Mkwaju wangu, kesho unasafiri kwenda wapi?"

Watu wakaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka. Halafu pakawa kimya, kimya ambacho hata sisi watoto tulikisikia. Mama akatutuma nje tukaangalie mbuzi, na mbuzi walikuwa wamefungwa tangu saa kumi na mbili.

Tulikuja kujua baadaye kwamba usiku ule mke na mume walizungumza kwa mara ya kwanza. Yeye alimwomba waende hospitali kupima damu. Mume alikataa. Mke alikwenda peke yake, akaambiwa hana virusi, na tangu siku ile akajilinda. Mume alifariki mwaka 1998. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu mwaka 2004, na hakuzisubiri. Mama yule yu hai. Ana wajukuu, na Jumapili huimba sauti ya pili katika kwaya. Tulipomaliza masomo ya uuguzi alitushika mkono akasema, "Wanangu, mimi niliokolewa na swali, na swali lenyewe nililiuliza kwa mzaha. Bila mzaha nisingethubutu."

Walichokigundua watafiti

Tulipokuwa wanafunzi tulidhani hiyo ni habari ya kijiji chetu tu. Baadaye tulisoma kwamba mchezo ule ulichunguzwa kwa makini. Tangu 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha, ili watafiti walinganishe watu waliousikia na wale ambao hawakuusikia. Mtaalamu wa Marekani, Everett Rogers, na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1999. Waliona kwamba mchezo uliwasukuma wasikilizaji kuzungumza na wenzi wao na marafiki zao juu ya uzazi wa mpango, na kwamba matumizi ya njia hizo yaliongezeka. Katika maeneo mengine ya nchi mtu akianza kumtania mwanamke isivyofaa aliambiwa, "Usiwe Mkwaju!"

Angalieni basi, dada zetu. Redio haikumwingia mtu kichwani na kumbadilisha akiwa peke yake. Iliwapa watu wawili jambo la kuanzia, nao wakamalizia wenyewe, kitandani, jikoni au njiani kutoka shambani.

Tusiisifu zamani kupita kiasi

Hatusemi kwamba mambo yote ya wakati ule yalikuwa mema. Mwenye ufunguo wa redio alikuwa baba, naye akitaka taarifa ya habari, mchezo ulizimwa katikati. Akina mama wengi walisikia nusu tu ya hadithi kwa sababu ya moshi na maji ya kuchota. Na ilikuwa stesheni moja, ikisema inachoruhusiwa kusema. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, na leo hapa Karagwe tunayo redio ya jamii ya FADECO inayozungumza na wakulima wetu juu ya migomba na mahindi. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini tunapowatembelea wagonjwa majumbani tunaona jambo moja. Baba anacheka na simu yake sebuleni. Mama anacheka na yake jikoni. Kijana ameziba masikio chumbani, naye anacheka peke yake. Nyumba ina vicheko vitatu visivyojuana. Na tunapomwuliza mama kliniki, "Hili umemweleza baba?" jibu ni lile lile: "Hatujaongea." Nyumba isiyocheka pamoja huona haya kulia pamoja. Mithali 17:22 huufananisha moyo uliochangamka na dawa, na sisi wauguzi tunajua kwamba dawa haifanyi kazi ikibaki kwenye kabati.

Aliyebaki nyuma

Turudi Nkwenda. Mchezo wa dakika moja ulipokwisha na sahani zimeoshwa, yule mama mtu mzima aliyeshindwa kwenye "ndizi" alibaki nyuma, akijifanya kukunja mikeka. Ameturuhusu tuandike habari zake bila jina. Hedhi ilikuwa imemkoma miaka mingi, lakini kwa miezi minne alikuwa akitokwa na damu, na hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. Tulipomwuliza kwa nini amesema leo, alijibu, "Leo nimecheka nanyi kama msichana. Nikaona mtu niliyecheka naye hivi hawezi kunidharau."

Wiki iliyofuata tulimsindikiza hospitali. Vipimo vilionyesha ugonjwa kwenye shingo ya kizazi, na ameanza matibabu. Hatuwezi kuwaambia utakwishaje, maana safari bado. Tunachoweza kusema ni kwamba sasa mumewe ndiye anayempeleka, na njiani, anasema mama, huulizana maneno ya ule mchezo.

Akina mama, tusikieni: damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kabisa, au baada ya tendo la ndoa, si jambo la kusubiri. Nendeni kituo cha afya mapema mkapimwe shingo ya kizazi. Saratani hiyo ikigundulika mapema hutibika.

Na nyumbani, jaribuni jambo hili mwezi huu. Chagueni jioni moja katika juma. Simu ziwekwe kwenye kapu. Mkiwa na redio, sikilizeni kipindi kimoja wote pamoja. Kama hamna, chezeni mchezo wa dakika moja. Anzeni na vitu vyepesi: ng'ombe, kahawa, mwalimu mkuu. Baba naye apewe zamu, na akisita akatizwe kama wengine. Bibi kama yupo mpeni nafasi ya kwanza, hata akiuliza mmesema nini. Msilazimishe mazungumzo mazito. Chekeni tu, kisha kaeni kidogo kabla ya kwenda kulala. Mara nyingi mwenye jambo ndiye atakayebaki nyuma kukunja mkeka.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Bwana azibariki nyumba zenu.