Mrudishieni Fundi Jina Lake

Kabla hatujapiga picha hata moja, tulikuwa na nembo. Duara la rangi ya chungwa, sindano katikati, na chini yake jina la duka la mtu. Tulikuwa watano: wanafunzi wanne wa filamu, na mimi niliyekuwa nimeacha chuo mwaka mmoja kabla, karo ilipokataa. Niliitwa kwa sababu naandika haraka na sidai pesa mapema. Wiki tatu nzima tulijadili nembo, rangi za posta, hashtegi, na jinsi maandishi yatakavyoonekana kwenye skrini ya simu. Mjini Wote kwenyewe tulikaa siku tatu.

Nasema haya kwa sababu filamu ile inasifiwa, na sifa zake zinanikera. Inaitwa dokumentari ya kumwinua msichana mbunifu wa mavazi kutoka Makueni. Haikumwinua. Ilichukua jina la biashara yake, ikalivaa, na mpaka leo haijalivua. Sitalitaja jina hilo hapa. Ukilitafuta mtandaoni utafika kwetu kabla hujafika kwake, na hilo ndilo shtaka langu.

Fundi ana miaka 24. Duka lake liko hatua chache kutoka steji ya matatu za Machakos. Ana cherehani mbili za umeme na ile mashine ya kumalizia pindo ambayo mafundi huiita ovaloki, aliyoilipia kwa awamu. Januari anashona sare za shule. Agosti na Desemba ni harusi na ntheo, ile siku ya kupeleka mbuzi kwa wakwe, ambapo familia nzima hutaka kitenge kimoja na kila shangazi hutaka shingo yake tofauti. Katikati ya misimu hiyo ndipo anaposhona vitu vyake mwenyewe: makoti mafupi yenye mifuko ya mkonge, iliyosukwa kama kiondo na mama yake. Kila koti lina kilebo kidogo shingoni chenye jina lile. Vilebo hivyo anaagiza Nairobi na kuvihesabu kama pesa, maana ni pesa.

Huyo ni mfanyabiashara. Sisi tulikwenda kumtafuta maskini mwenye kipaji.

Mwongozaji wetu alipoziona cherehani za umeme alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nyumbani hakuna ile ya kukanyaga kwa mguu. Ilikuwepo, ya marehemu nyanya yake, chini ya turubai, mkanda umekatika. Tukaitoa, tukaipangusa vumbi halafu tukaona vumbi lilikuwa zuri, tukairudishia kidogo. Fundi akakaa mbele yake akajifanya anashona. Ukitazama vizuri kile kipande utaona gurudumu halizunguki.

Vumbi lenyewe lilitupa shida. Ilikuwa Januari, mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vyema, na Ukambani ilikuwa kijani mpaka macho yanauma. Maembe yalikuwa yanauzwa kando ya barabara kwa ndoo. Lakini posta ilikuwa imeshachorwa, na posta ilikuwa ya kahawia. Basi droni tuliyokodisha ikapelekwa mahali palipokuwa panachimbwa changarawe, na yaliyobaki yakamaliziwa kwenye kuhariri: kijani kikashushwa, njano ikapandishwa, Makueni ikakauka. Hakuna aliyeona ubaya. Mimi pia sikuona, nilikuwa naandika maneno ya kusindikiza trela.

Maneno hayo yalisema alijifundisha mwenyewe. Uongo. Alisoma ushonaji miaka miwili kwenye chuo cha ufundi, na karo ililipwa kwa ng'ombe. Alituambia, tukarekodi, tukakata. Ati "kujifundisha mwenyewe" kunagusa zaidi. Hebu fikiria hilo jambo. Mzazi anauza ng'ombe ili mtoto ajue kukata suruali, halafu tunakuja sisi na kompyuta zetu kumfuta ng'ombe, kumfuta mwalimu, kumfuta mzazi, tubaki na muujiza jangwani. Na Ukambani kushona si muujiza. Kule Kitui kuna kiwanda cha kaunti cha nguo, KICOTEC, ambacho mwaka 2020 korona ilipoingia kilikuwa kinashona barakoa kwa maelfu kila siku. Wanawake wa huku wamesuka na kuuza viondo tangu kabla ya sisi sote kuzaliwa.

Sasa nifike kwenye jina.

Ile akaunti ya Instagram niliifungua mimi, kwa mkono wangu, jioni ya kwanza, tukiwa kwenye chumba cha kulala wageni na feni inayopiga kelele. Nililiandika jina la duka lake kama lilivyo, bila nukta, bila tarakimu. Lilikuwa wazi, hakuna aliyelichukua, nikafurahi kama mtu aliyeokota noti. Wakati huo yeye alikuwa anauza kwa WhatsApp tu. Alikuwa amepanga kufungua ukurasa baada ya msimu wa sare, na alitueleza mpango huo mbele ya kamera. Kipande hicho kipo. Hakikuingia kwenye filamu.

Machi alipojaribu kuufungua, akaambiwa jina limeshachukuliwa. Akaongeza 254 mwishoni. Na kwa kuwa ukurasa wetu una trela, una droni, una watu elfu nne wanaoufuata, wake wenye watu mia mbili ndio unaoonekana ghushi. Mteja mmoja alimwandikia akimwonya aache kutumia jina la yule fundi wa kwenye filamu. Yeye ndiye fundi wa kwenye filamu! Wengine wanaagiza koti kwetu, kwenye ukurasa ambao hauna hata uzi, wanakaa wiki mbili bila jibu, kisha wanaandika kwamba watu wa Wote wana madharau.

Nilipowauliza wenzangu kwa nini tusimpe ukurasa, niliambiwa ni mali ya filamu na kwamba alitia sahihi. Ni kweli alitia. Karatasi ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, tuliinakili kutoka mtandaoni usiku wa kuamkia safari. Alipofika kwenye mstari uliotaja sheria za jimbo la California aliinua kichwa akauliza, "Hii ni wapi?" Tukacheka sote. Akaandika jina lake juu ya meza ya kukatia, huku mama wa mtoto wa Darasa la Nne akisubiri sketi.

Sheria za hapa hatukuzitafuta, na zipo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamhesabu mwenye kazi ya filamu kuwa yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Kwa hiyo filamu ni ya wenzangu, sawa, sibishi. Lakini filamu si jina la duka. Na sura ya mtu inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi wadogo ambao wazazi wao hawakuulizwa. Wanafunzi wa filamu wanajua ukubwa wa kila lenzi sokoni. Hayo hawayajui, na sijui kwa nini hawafundishwi wiki ya kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ndio kizazi kilichopiga kelele kuhusu wizi wa majina. Mwaka 2018 nilisaini mtandaoni ombi la kuitaka Disney iachilie "Hakuna Matata", maneno iliyoyasajili Marekani kama alama ya biashara mwaka 2003. Nilisambaza lile ombi kwa kila kikundi nilichokuwamo. Kabla ya hapo kampuni moja ya Uingereza ilitaka kusajili neno "kikoy" liwe lake, Wakenya wakapinga mpaka ombi likaachwa. Tunajua kabisa kinachofanyika mtu akichukua neno la wenyewe na kulifanya chapa. Tatizo ni kwamba tunalitambua likitoka London au California. Likitoka Thika Road na mkoba wa kamera, tunaliita ushirikiano.

Najua majibu yao, maana nimeyasikia yote. La kwanza: tulimpa umaarufu. Umaarufu gani huo ambao mteja akiufuata anamkosa mwenyewe? Watu wa Makueni wanaujua mchezo huu kwa maembe. Miaka mingi broka alifika shambani, akaangalia mti, akataja bei ya kutukana, na embe likapanda lori likaenda kuitwa jina lingine. Ndiyo maana kaunti ilipojenga kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba watu walishangilia: angalau rojo litengenezwe hapa. Hadithi ya mtu nayo ina mabroka wake, na baadhi yao wana vitambulisho vya chuo.

La pili: sisi ni wanafunzi, hatuna pesa. Mimi ndiye niliyeandika hesabu za safari. Droni siku mbili, shilingi 14,000. Posta na fulana zenye nembo, shilingi 9,500. Fundi: chakula cha mchana mara mbili na soda. Zile siku tatu alifunga duka zilikuwa wiki ya kufungua shule, wiki ambayo fundi wa sare halali. Alipoteza oda ambazo ni yeye anayejua idadi yake, na mzazi aliyekwenda kwa fundi mwingine Januari hurudi kwa huyo huyo muhula wa pili. Fulana zetu peke yake zingemlipa. Tena angezishona yeye!

La tatu ndilo zito kidogo. Wanasema dokumentari ikianza kumlipa na kumsikiliza mtu inayemwonyesha, inageuka tangazo lake. Naelewa hofu hiyo. Lakini tulitengeneza tangazo tayari, tangazo letu sisi. Lina nembo, lina hashtegi, lina fulana. Na mfano wa kufanya vingine uko hapa hapa jirani. Kisilu Musya ni mkulima wa Mutomo, kaunti ya Kitui. Mtengenezaji filamu kutoka Norway, Julia Dahr, alimwachia kamera, naye akajirekodi mwenyewe kwa miaka: mkewe, watoto, ukame, mafuriko, paa lililong'olewa na upepo, mpaka safari yake ya Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Filamu hiyo, Thank You for the Rain, ilitoka 2017, na Kisilu ametajwa humo kama mwongozaji mwenza. Ndani yake kuna ugomvi wa nyumbani na majirani wasiomwamini. Kushika kamera hakukumfanya ajipambe. Kulifanya tuone mambo ambayo mgeni wa siku tatu hawezi kuyaona.

Kwa hiyo sisemi filamu isitangazwe. Filamu isiyo na jina haiendi popote, na posta mbaya inaua kazi nzuri. Nasema filamu itafute jina lake yenyewe. Mmoja wetu alipendekeza tuiite "Sisi Wote", kwa kucheza na jina la mji, na kusema kweli lilikuwa jina zuri. Likakataliwa ndani ya dakika moja kwa sababu waamuzi wa matamasha hawataelewa. Tungelikubali lile, leo fundi angekuwa na ukurasa wake.

Na mimi? Nimekwisha kusema akaunti niliifungua mimi. Sikudanganywa na mtu. Nilitaka jina langu lipite mwishoni mwa filamu, lipite hata kwa sekunde, kwa sababu mtu aliyeacha chuo huulizwa kila mahali ana cheti gani. Lilipita. Sekunde mbili.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Emali aliandika kwenye ukurasa wetu akiuliza magauni sita ya ntheo. Nikamjibu, nikamwomba radhi, nikampa nambari ya fundi na kumweleza ukurasa wa kweli ni upi. Kesho yake asubuhi nywila ilikuwa imebadilishwa na nimetolewa kwenye kikundi cha WhatsApp. Poa. Hawakukumbuka kwamba picha zote ghafi ziko kwenye diski yangu.

Nilimpigia fundi nikamwambia nitazileta. Nilitarajia atataka filamu nzima, au kile kipande anachoeleza mpango wa ukurasa, cha ushahidi. Alinisikiliza huku mashine ikikimbia nyuma yake. Akasema ushahidi nikae nao kwanza, atauliza mtu. Anachotaka sasa ni kipande kimoja tu, kile cha siku ya pili anapokata bega la koti, mkasi na mikono, hakuna uso. Anataka kukiweka kwenye ukurasa wake kabla ya Agosti.

"Na hiyo rangi yenu ya matope utoe," akasema. "Kile kitambaa kilikuwa kijani."