Barabara Si ya Mwenye Nguvu Peke Yake

Wazee wetu walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Usemi huo waweza kumfaa mtu aliyekutana na nyati porini, lakini haufai kuwa sheria ya mji. Hata hivyo, ye yote atakayesimama alfajiri kando ya barabara kubwa ya Dar es Salaam, iwe Mbagala, Buguruni au Ubungo, ataona kuwa hiyo ndiyo sheria itawalayo. Lori halimpishi mtu. Gari dogo lapisha lori tu. Bodaboda yapita po pote ipatapo mwanya. Na mwisho wa wote ni mfanyakazi aendaye kazini kwa miguu, mama mwenye ndoo ya samaki kichwani, na mtoto mwenye daftari mkononi. Hao hupisha kila kitu, na mara nyingine hupisha kwa roho zao.

Tusidhani kuwa jambo hili ni dogo. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yaeleza kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Afrika ina magari machache mno, karibu asilimia 3 tu ya magari yote ya dunia. Lakini karibu moja ya tano ya vifo vyote hutokea kwetu. Basi shida yetu haitokani na wingi wa magari. Shida ni jinsi barabara zinavyojengwa na jinsi zinavyogawanywa kati ya wachache walio ndani ya magari na wengi walio nje.

Wapo wasemao kuwa kosa ni la waenda kwa miguu wenyewe; kwamba ni wazembe, hawatazami, huvuka mahali pasipostahili. Hatukatai kuwa kila mtu yampasa kujihadhari. Lakini na tupige hesabu kabla ya kuhukumu. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa ikawa ya njia nane, na hapana shaka ni kazi kubwa yenye faida kwa nchi. Mzee atakaye kuvuka njia nne tu za barabara kama hiyo huhitaji sekunde zipatazo 14 kwa mwendo wake wa pole. Katika sekunde hizo gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 300. Kwa hiyo mzee huyo yampasa kuligundua gari lililo mbali kiasi hicho, kupima mwendo wake, na kuamua bila kukosea hata mara moja, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Kumwita mzembe siku atakapokosea si haki. Uzembe ni wa yule aliyeweka kituo cha daladala upande huu na soko upande wa pili, asiweke mahali pa kuvukia kati yake.

Wengine hujibu kuwa dawa ni kujenga madaraja ya juu ya waenda kwa miguu. Yapo mahali ambapo madaraja hayo hayaepukiki. Lakini yafaa tuulize: kwa nini mama mjamzito, au mtu mwenye magongo, apandishwe ngazi ili mtu aliyeketi kwenye kiti asisumbuliwe kukanyaga breki?

Kiini cha jambo hili ni mwendo wa magari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika sehemu za makazi. Dereva aendaye 50, akimwona mtoto ghafla mbele yake, hutumia kama sekunde moja kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 14. Dereva aendaye 30, kwa breki nzima na lami kavu, huwa amekwisha kusimama kabisa kabla ya mita hizo 14. Maana yake ni kwamba mahali ambapo gari la pili limetulia, gari la kwanza lampiga mtoto kwa nguvu zake zote. Ndiyo sababu mataifa yaliyokutana Stockholm mwaka 2020 yalikubaliana kuwa kilomita 30 ndicho kiwe kipimo mahali ambapo watu na magari huchanganyika.

Wala mtu asitwambie kuwa sisi ni maskini, hatuwezi. Jawabu limekwisha kuonekana hapa hapa Dar es Salaam. Shirika la Amend, katika mpango wake uitwao SARSAI, lilikwenda kwenye shule za msingi ambako watoto walikuwa wakigongwa, likatazama kila mtoto apita wapi, kisha likafanya mambo mepesi: matuta, alama za kuvukia, njia ya miguu iliyotengwa na barabara, vibao, na pengine kuhamisha lango la shule kutoka barabara kubwa. Utafiti uliochapishwa baadaye ulionyesha kuwa watoto walioumia walipungua kwa karibu asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji na taasisi ya World Resources Institute. Dunia imekuja kujifunza kwetu. Itakuwa aibu sisi wenyewe tusipojifunza.

Kadhalika mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yalikuja pamoja na njia pana za miguu na za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro. Lakini njia iliyojengwa isipolindwa huwa kama haikujengwa. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kwenye njia hizo, na maneno mengi yakasemwa juu yao. Machinga naye ni mtu wa jasho. Hufuata wateja, na wateja wake ni hao hao waendao kwa miguu, kwa hiyo yafaa apangiwe nafasi karibu na watu, si mbali nao. Bali gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu huziba njia ile ile, wala halina njaa. Sheria imguse mwenye gari kama ilivyomgusa mwenye meza ya machungwa.

Ama kuhusu baiskeli, yasikitisha kuona kuwa baadhi yetu tumeanza kuiona kuwa ni alama ya unyonge. La hasha! Uholanzi si nchi maskini, nayo imejaa baiskeli. Lakini hata huko haikuwa bahati tu. Mwaka 1971 zaidi ya watoto 400 waliuawa na magari nchini humo. Ndipo wazazi walipotoka mitaani, wakadai, nayo serikali ikasikia. Njia za baiskeli ambazo leo wageni huzistaajabia zilizaliwa katika uchungu huo na madai hayo.

Na twataka ieleweke kuwa mwenda kwa miguu haombi sadaka. Fedha za barabara hutoka katika tozo ya mafuta, na tozo hiyo humfikia kila abiria wa daladala katika nauli yake na kila mnunuzi wa unga katika bei yake. Yeye ni mwenye mali. Yafaa apewe sehemu yake.

Basi maoni yetu ni haya. Kwanza, pasijengwe wala kupanuliwa barabara yo yote ya mjini, iwe ya TANROADS au ya TARURA, kabla njia ya miguu, ya baiskeli na mahali pa kuvukia havijahesabiwa ndani ya gharama yenyewe. Pili, mbele ya kila shule ya msingi na kila zahanati mwendo uwe kilomita 30, nao ulazimishwe kwa matuta, kwa maana tuta halipokei rushwa wala halilali. Tatu, njia za miguu zilizopo zisafishwe, ziwekwe taa, na zilindwe.

Kwa wanachama na wafanyakazi twasema: msingoje. Mwajua ni kona ipi huua katika mtaa wenu kuliko mhandisi ye yote. Iandikeni, ipelekeni kwenye mkutano wa tawi na wa mtaa, mwulizeni diwani siku ya bajeti ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya wale wasio na gari, nanyi msiondoke bila jibu. Mji hupimwa kwa usalama wa mtoto avukaye barabara akiwa peke yake.