Kabla ya kununua dawa ya malaria, taja ya presha

Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea udaktari. Kwa hivyo usinisome kama daktari. Nisome kama msee aliyeulizwa swali rahisi kwenye kemisti hapa Machakos mjini akakosa jibu.

Mamangu alikuwa ametoka matangani Busia, akarudi na homa na baridi ya kutetemeka. Huku kwetu malaria si nyingi kama kule Ziwani au Pwani. Wengi huirudisha kutoka safarini. Nikashuka mbio kumnunulia dawa.

Mfamasia akaniuliza, "Amepimwa? Na kuna dawa nyingine anatumia?"

"Vile vya presha."

"Vinaitwaje?"

Miaka minne mama anavimeza mbele yangu kila asubuhi, na sikujua jina.

Nilidhani ananisumbua tu. Kumbe baadhi ya dawa za presha, zile za kundi la beta-bloka kama propranolol, atenolol na metoprolol, hupunguza kasi ya moyo. Na si za wazee pekee. Propranolol hupewa hata vijana wenye kipandauso, au ambao moyo unawadunda kwa wasiwasi.

Sasa, dawa kadhaa za malaria nazo hugusa moyo. Kwinini inaweza kuvuruga mapigo. Meflokwini, ambayo wasafiri wengine humeza kujikinga, ina onyo kuhusu kuchanganywa na beta-bloka. AL, ile ya siku tatu tunayopewa wengi wetu, ina lumefantrini, ambayo inaweza kuzuia ini kuvunja metoprolol, ikabaki nyingi mwilini. Atenolol hutolewa zaidi na figo, kwa hivyo haina shida hiyo. Umeona? Kundi ni moja, jibu si moja. Ndiyo maana jina ni muhimu.

Najua kuna atakayesema, "Si basi aache ya presha hizo siku tatu?" Zii! Ukikatiza beta-bloka ghafla, presha inaweza kupanda na moyo ukaumia. Na malaria isipotibiwa inaua. Mara nyingi mgonjwa hutibiwa bila kuacha dawa yake, mradi anayempa ajue anachanganya nini na nini.

Mama alipimwa, malaria ikapatikana. Pakiti yake ilikuwa ya atenolol. Akapewa AL, ameze na chakula chenye mafuta au maziwa. Tukaambiwa akizirai, akipata kizunguzungu kikali au moyo ukienda ovyo, tumkimbize hospitali. Alipona.

Tunapenda kulaumu kemisti zinazouza dawa bila kuuliza, na kweli zipo. Lakini ukimpata anayeuliza, utamjibu nini? Leo jioni, chukua hiyo simu unayosomea hapa, upige picha pakiti za dawa za mzazi wako. Na zako pia, kama unazo.