Presha ya Mama Haipimwi kwa Macho



Mama akiwa mja mzito na mwili wake umejaa, twasema, "Huyu anatunzwa vema na mumewe." Akilalamika kuwa kichwa kinamwuma, twasema, "Ni mimba hiyo, itapita." Akitokwa jasho ghafula, moyo ukamdunda kama ngoma na uso ukampauka, hapo watu huanza kunong'ona juu ya pepo, na mwisho wake kuku hupelekwa kwa mpiga ramli. Katika hayo yote, hakuna aliyempima presha.

Tuanze na unene. Madaktari wamekwisha kuthibitisha kwamba mama aliyenenepa kupita kiasi, akichukua mimba, yumo katika hatari zaidi ya kupandwa na presha, kupata kisukari cha mimba, na kuzaa kwa kupasuliwa. Si kwamba kila mama mnene ataugua, la. Wala mwembamba asijivune, maana naye presha yaweza kumpanda. Kipimo kikifika 140 kwa 90, presha imepanda, na mama huyo hana budi kuangaliwa.

Lakini mara chache sana iko sababu nyingine, isiyohusu unene. Juu ya kila figo pana tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hiyo hutoa maji fulani yaingiayo katika damu, nayo ndiyo yaufanyayo moyo ukudunde unapokutana na nyoka njiani. Ikiota uvimbe, huweza kuyamwaga maji hayo hata pasipo nyoka. Ndipo huja, kwa vipindi, mambo matatu: kichwa kuuma, jasho kutoka na moyo kudunda.

Mwaka 1886, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, Daktari Felix Fränkel aliandika habari za msichana wa miaka 18 aliyekufa ghafula kwa uvimbe huo. Mwaka 2007, baada ya miaka 121, wataalamu waliwapima watu wa ukoo wake, wakakuta baadhi yao wamerithi kasoro iletayo uvimbe huo. Basi huyo si pepo wa ukoo. Ni urithi wa mwili.

Tena mwaka 1926, huko Rochester, Marekani, Daktari Charles Mayo alimpasua mtawa wa Kikatoliki aliyeteswa na vipindi vya namna hiyo, akautoa uvimbe, naye mtawa akapona. Mwaka 2021 madaktari wa mji uo huo, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walitangaza uchunguzi wao juu ya mimba 249 za akina mama wenye uvimbe huu. Waliona kwamba hatari kubwa iliwapata wale ambao ugonjwa wao haukutambuliwa wakati wa mimba. Waliotambuliwa mapema na kupewa dawa, wengi sana walijifungua salama.

Tufanye nini basi? Mama, nenda kliniki kabla miezi mitatu ya mimba haijaisha, ukarudi kila uambiwapo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mja mzito aonwe walau mara 8. Usimjibu mkunga "sijambo" kwa adabu tu. Mweleze vipindi vyako, na kama katika ukoo wenu yuko aliyekuwa na uvimbe huo au aliyekufa ghafula angali kijana, mwambie. Nawe uliyenenepa, usianze kujinyima chakula kwa shauri lako mwenyewe, mwulize yeye.

Nawe baba, usingoje mkeo aanguke. Bei ya yule kuku wa ramli yatosha kuwa nauli ya kliniki. Kumwombea mkeo ni wajibu wako, na kumpeleka akapimwe ni wajibu wako vilevile. Moja halizuii jingine.

Katika ofisi ya parokia, kitabu cha ubatizo na kitabu cha wafu hukaa kabati moja, na kalamu ya kuviandika ni moja. Ningependa jina la kila mama niliandike katika kile cha kwanza, naye amesimama mbele yangu amempakata mtoto wake.

Bikira Maria, Mama wa Mungu, awaombee akina mama wetu wote.

Ni mimi, Karani wa Parokia.