Nani ashike kisu? Maoni yangu kutoka Ufipa

Leo tuongelee kuchinja.

Kwetu Sumbawanga Wakatoliki ndio wengi, hilo halina ubishi. Nguruwe tunafuga, kitimoto tunakula, ulezi tunapikia pombe. Mgeni anaweza kudhani sheria za chakula za Kiislamu hazituhusu kabisa. Aje kwenye harusi zetu aone! Ukoo mzima Wakatoliki, padri kaalikwa, kwaya ipo, lakini ng'ombe akishafungwa kamba utasikia mtu anauliza, "Mchinjaji kashafika?" Na anayesubiriwa hapo ni jirani Muislamu.

Hesabu yake ni rahisi tu. Mkristo akila nyama iliyochinjwa kwa bismillahi hapungukiwi kitu. Muislamu asipojua nani kachinja, anaweka sahani chini. Basi kisu akishika Muislamu, sufuria moja inalisha watu wote. Kitimoto inapikwa pembeni, na kisu chake na sufuria yake. Ndiyo maana migebuka ya Ziwa Tanganyika haina kelele... samaki hahitaji kuchinjwa, kila mtu anajisevia.

Sasa kuna Wakristo wenzangu wanaosema huu ni uonevu. Wanakwambia mbona hata Kurani, Surat Al-Maida aya ya 5, inahalalisha chakula cha watu wa Kitabu? Ni kweli aya ipo. Lakini jirani aliyekuja kula hakuja kufanyiwa mtihani wa dini yake jamani!

Na wapo Waislamu wanaosema kuchinja ni haki yao peke yao, mwingine asiguse. Hao nao nawapinga. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa kuchinja uliishia kwa mchungaji kuuawa. Aprili mwaka huohuo vurugu zikazuka Tunduma, palepale tunapokata kona kuja Sumbawanga. Yaani nyama iliyokuwa inatukalisha pamoja ikawa ndiyo inatugombanisha.

Msimamo wangu: heshima isigeuzwe amri. Mtu akichinja kuku wake nyumbani kwake, hilo ni lake. Mkristo akitaka kufungua bucha lake afungue, mradi aandike wazi ili mteja achague. Ila chakula cha wote, iwe msiba, harusi au mahafali, achinje yule ambaye nyama yake hakuna atakayeisusa. Na anayepewa kisu ajue kapewa kwa upendo, siyo kwa sababu yeye ni mkubwa kuliko wengine.

Kwetu tunaosomea ualimu hili siyo la kupiga stori tu. Kesho utapangiwa shule, ng'ombe wa mahafali ataletwa, na wewe ndiye mwalimu wa zamu. Ukisema "achinje yeyote", kuna watoto watakula wali mkavu siku ya sherehe yao wenyewe. Kumwita mchinjaji mapema hakugharimu kitu.

Naomba kuwakilisha. Mnasemaje?